Misokoto Miwili ya Kamba ya Mihayo

Kalangalala, Geita
15 Machi, 1998

Wifi yangu mpendwa Ritha, Mama Philo,

Pokea salamu nyingi kuliko matope ya Geita, na mwaka huu matope ya Geita hayana mfano. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ambayo naona yameamua kunioa. Nyumba niliyopanga inavuja chumba kimoja tu, tena kile cha kuwekea vitabu, kwa hiyo vitabu vinalala kitandani na mimi nalala mkekani. Wewe je? Mgongo umepona? Philo ameacha kunyonya kidole? Mama mpe shikamoo yangu, umwambie dawa ya miguu nitaituma mwisho wa mwezi nikipata mshahara. Ila barua hii usimsomee yote. Ukifika hapa ikunje, umwambie yanayofuata ni mambo ya walimu, atasinzia mwenyewe.

Kabla hujaanza kutetemeka nikuambie: Luka ni mzima. Amekula kwangu jana, ugali wa watu wawili, na akalalamika kwamba mboga haina chumvi. Najua umesikia redioni habari za maduara ya dhahabu yaliyojaa maji kwa mvua hizi za El Nino na watu waliofia humo, na najua hulali. Mumeo hayumo katika hao. Lakini alikaribia, wifi, alikaribia sana, na sitakuficha, maana wewe si mtu wa kufichwa. Tena yaliyomwokoa ni mambo ambayo mimi na wewe tulifundishwa dawati moja, na katika watu wote ninaowajua ni wewe tu ninayeweza kumsimulia asidhani nimerukwa na akili.

Unakumbuka muhula ule wa mwaka wa pili pale Mlimani? Najua unakumbuka, lakini niache nikukumbushe, mkono unaniwasha. Asubuhi mwalimu wa fizikia alishika ufito wa chuma, akaubana ncha moja na kuizungusha ncha ya pili, akatuambia kwamba huo ndio msokoto. Ufito ulibaki umenyooka vilevile, kwa macho usingebaini lolote, ila ndani yake kila chembe ilikuwa imemvuta jirani yake. Mchana akaingia mwalimu wa jiometri, yule mwembamba mwenye chaki hadi kwenye nyusi, naye akatumia neno lile lile la Kiingereza, torsion, kusema jambo lingine kabisa. Kwake hakukuwa na chuma wala nguvu, kulikuwa na njia tupu. Akasema njia ya sisimizi juu ya meza, hata ipinde namna gani, haina msokoto, kwa sababu haitoki kwenye ubapa wa meza. Lakini mharagwe unaopanda bua la muhindi, njia yake ina msokoto, kwa kuwa kila unapofika unauacha ubapa uliokuwa nao na kuingia mwingine.

Wewe ndiye uliyenyoosha mkono ukamuuliza kama ule ufito wa asubuhi, uliosokotwa huku umenyooka, una msokoto au hauna. Akajibu kwamba kwa hesabu zake hauna hata kidogo. Akasema ule wa mwenzake ni maumivu ya kitu, na huu wa kwake ni tabia ya njia, na maumivu na tabia si lazima vijuane. Darasa zima likacheka. Wewe hukucheka, ulibaki umekunja uso hadi kengele. Mwaka ule ule ukapata mimba ya Philo, ukaolewa na mdogo wangu, na mimi nikabaki na dawati lote peke yangu.

Sasa turudi Geita. Duara la akina Luka wewe hujaliona. Ni shimo la mraba linaloshuka wima, kuta zake zimezuiliwa na miti wanayoiita matimba, na mdomoni kuna winchi, yaani gogo lenye mikono miwili linalozungushwa na wanaume wawili. Gogo linakunja kamba, kamba inashusha ndoo au mtu. Mkuu wa duara anaitwa Mihayo, Msukuma wa kwetu kabisa, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Mkali lakini haibi jasho la mtu, na ndiyo maana Luka hajamwacha.

Mwezi wa kwanza mwamba wenye dhahabu ukawapotea. Ulikatika tu, kana kwamba mtu ameukata kwa panga. Mihayo akaona mwendelezo wake lazima uko mashariki, upande wa mlima, akaamuru wachimbe njia ya chini kwa chini kuelekea huko. Alikuwa na sababu nyingine ya kupenda mashariki. Upande wa magharibi kuna duara la zamani la mtu anayeitwa Valerian, aliyeliacha na kukimbilia machimbo mapya. Mvua zimelijaza hadi juu, sasa hivi ni bwawa lenye vyura. Hakuna mchimbaji mwenye akili anayechimba kuelekea duara lililojaa maji. Ukilitoboa kwa chini, maji ya shimo zima yanakujia kwa mara moja.

Lakini chini ya ardhi utajuaje mashariki ni wapi? Dira hapa haifai kitu. Mawe ya milima hii yamejaa chuma, ukiweka dira juu yake sindano inatangatanga kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Basi Mihayo alikuwa na ujanja wake, na nakuambia kweli, nilipousikia nilimvulia kofia. Aliitandaza kamba ya winchi chini, akainyoosha, akaipaka mstari mwekundu wa rangi kutoka mwanzo hadi mwisho, umenyooka kama mshono wa suruali. Kamba ikining'inia, mtu wa juu anahakikisha mstari unatazama mlima. Wa chini anasubiri ndoo yenye mawe itulie, anaangalia mstari unatazama wapi, anajua mlima uko huko. Hawakuwa wajinga, walijua ndoo huzunguka ikishushwa. Ila walisema ikishatulia, mstari nao umesharudi mahali pake. Katika maduara yao ya nyuma, yaliyokuwa mafupi, ujanja huo haukuwahi kuwatupa.

Mimi niliuona mstari huo Jumamosi moja nilipompelekea Luka viazi. Mwanamke haruhusiwi kusogea kwenye mdomo wa duara, unalijua hilo. Wanasema dhahabu inakimbia. Nikasimama kwenye banda la mama lishe, mbali, na sahani yangu. Nikaona Maige, mmoja wa wazungusha winchi, na mwenzake wanashusha ndoo ya mawe ili kupima mwelekeo, na ule mstari mwekundu, uliokuwa umenyooka kambani, ukaanza kuzunguka kamba. Taratibu. Kadiri kamba ilivyoshuka ndivyo ulivyozidi kuizunguka, kama mharagwe kwenye bua. Nikaiweka sahani chini.

Wifi, unaelewa nilichokiona? Kamba ya katani ni nyuzi zilizosokotwa. Ukiitundikia mzigo, inataka kujisokotoa, na fupi hujisokotoa kidogo, ndefu hujisokotoa sana. Ndoo ikitulia haimaanishi kamba imerudi ilivyokuwa. Imetulia tu kwa sababu imefika pale inapotaka kufika. Kwa hiyo mstari wa juu unatazama mlima, na wa chini unatazama unakojua wenyewe. Na mdogo wangu, baba wa Philo, alikuwa chini huko na tindo na nyundo, anachimba kwa bidii kuelekea mahali ambapo hakuna aliyepajua.

Jioni ile nikamwambia Luka. Mwanzoni alinicheka, akaniuliza tangu lini chaki ikachimba dhahabu. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikaichora mstari kwa wino mwekundu wa kusahihishia, nikaitundikia ndoo ya maji pale darini. Akaitazama ikizunguka mpaka ikatulia. Akaacha kucheka. Akaniambia kwamba kwa wiki nzima ukuta wa mbele umekuwa ukitoa jasho, nao wamekuwa wakisema ni mvua tu, mwaka huu hata mawe yana mafua. Nilimsihi asishuke tena mpaka tupime. Akasema Jumapili duara litapumzishwa, Mihayo amenunua mbuzi wa tambiko ili mwamba urudi, na watu wote watakuwa kwake wakila nyama.

Nikaenda dukani kwa Hozefa, yule Mhindi wa vifaa vya ujenzi karibu na soko, nikanunua timazi mbili za waashi na uzi wa nailoni wa wavuvi. Akaniuliza mwalimu anajenga wapi. Nikamjibu najenga kwenda chini. Akatikisa kichwa, akanipunguzia bei, nadhani kwa huruma.

Njia yenyewe ni rahisi hadi inatia aibu. Unalaza mti ulionyooka juu ya mdomo wa duara, ukiuelekeza mlimani. Kila ncha unafunga uzi, kila uzi una timazi yake, na kila timazi unaitumbukiza kwenye kopo la maji kule chini ili iache kuyumba. Uzi huu ujisokote utakavyo, na ule ujisokote utakavyo, haidhuru kitu. Kila mmoja umenyooka, basi kutoka huu hadi ule ni mwelekeo wa ule mti wa juu, umeshushwa chini bila kugeuka. Sijui kama unahisi ninachohisi ninapoandika hivi. Kitu kilichojaa msokoto wa fizikia na kisicho na msokoto wa jiometri kinaweza kubeba mashariki mfukoni mwake na kuifikisha gizani salama.

Jumapili asubuhi walikwenda wote kwenye mbuzi, akabaki Maige aliyepewa zamu ya kulinda duara. Maige ni rafiki wa Luka, tukamweleza, akakubali huku akiangalia nyuma. Vipimo vikachukuliwa. Njia ya chini haikuwa ikielekea mlimani, wifi. Ilikuwa imeugeuzia mlima mgongo karibu kabisa. Urefu wa njia hiyo ulikuwa umepimwa kwa kamba nyembamba, basi Luka akaichukua kamba hiyo, tukaitandaza juu ya ardhi, kuanzia mdomo wa duara kufuata mwelekeo tulioupata. Tulitembea nayo tukipita kwenye majani, Luka mbele, mimi nyuma. Kamba ikaisha. Luka akasimama pale ilipoishia, na hatua chache tu mbele ya viatu vyake yalianza maji ya Valerian, na chura akaruka.

Mdogo wangu, anayejua kubisha hata mvua ikinyesha, alikaa chini kwenye majani mabichi akashika kichwa. Mimi nilijawa na woga, lakini si woga peke yake. Kule chini ni giza, hakuna jua wala mlima, na bado kila kitu kilikuwa kimefuata kanuni, na kanuni hiyo ikawa imekuja kutuonyesha juu ya nyasi mahali hasa pa kufia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nami unajua si mtu wa kusali hadharani.

Jumatatu Luka alimwendea Mihayo kabla ya mtu kushuka. Mihayo alifoka. Alisema kamba ile imelisha watoto wake na hawezi kuitukana kwa sababu ya timazi ya mwashi. Luka akamwomba jambo moja tu, akae karibu na mdomo, aangalie mstari mwekundu ndoo ikishuka. Akakaa. Luka anasema alitazama mpaka ndoo ikafika chini, kisha akaomba ipandishwe ishushwe tena. Baadaye akatembea peke yake hadi kwa Valerian, akasimama pale penye majani yaliyolala, akarudi. Hakumruhusu mtu yeyote kumtangulia. Alishuka mwenyewe na tindo refu, akatoboa ukuta wa mbele tundu moja jembamba. Maji yakatoka kwa nguvu ya kumwangusha, meusi, yananuka uozo. Akavua shati lake, akalizungushia kigingi, akakigongomea tunduni kwa nyundo, akawapandisha watu wake wote, yeye akawa wa mwisho.

Juu akatangaza kwamba tambiko limepokelewa na mbuzi amewaokoa. Basi sifa zote zimekwenda kwa mbuzi, na mimi sina wivu naye, maana alilipa zaidi yangu. Njia ile imezibwa. Sasa wanachimba upande wa mlima kwa timazi, na wakuu wa maduara ya jirani nao wameiga, mpaka Hozefa ananiuliza kama Geita nzima imegeuka waashi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niichane barua hii na kuianza upya. Umesoma pale niliposema vipimo vikachukuliwa, na najua ulitua hapo ukajiuliza vilichukuliwa na nani. Vilichukuliwa na mimi. Nilivaa suruali ya Luka na kofia yake ya sufi, nikafunga tochi kichwani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikatia mguu kwenye kitanzi cha kamba, na mumeo na Maige wakanishusha. Wakijua akina Mihayo, watamfukuza Luka siku hiyo hiyo na kila mwamba utakaopotea utakuwa umepotezwa na mimi. Kwa hiyo ni sisi watatu tunaojua, na wewe wa nne.

Lakini hiyo si siri yenyewe. Siri ni kwamba hapakuwa na haja. Nilimwambia Luka kwamba kusoma zile nyuzi kunahitaji jicho lililosomea. Ulikuwa uongo mtupu, hata Philo angeweza. Luka angeshuka mwenyewe, kama anavyoshuka kila siku. Nilishuka kwa sababu nilitaka kuona, basi. Maisha ya mumeo yalikuwa kwenye mizani, nami nilikuwa na hamu kama mtoto anayesubiri sikukuu.

Na niliona, Ritha. Wakati nashuka kamba ilijisokotoa, nikazunguka nayo, kuta zikanipita zote nne, tena na tena, hadi nikafika chini na kizunguzungu. Nilipopima yote na kumaliza, nikawaomba washushe ndoo ya mawe. Nikalala chali kwenye tope, nikamulika juu. Kamba ilikuwa imenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, njia isiyo na msokoto hata chembe, mpaka kwenye kipande kidogo cha mbingu. Na juu ya mwili wake ule mstari mwekundu ulipanda ukizunguka, ukizunguka, sawasawa, bila kukosea, ukiacha kila ubapa ulioupata. Maumivu ya kamba yote yalikuwa yameandikwa pale kwa tabia ya njia. Kila kimoja kilikuwa kinakisoma kingine. Yule mwalimu alisema si lazima vijuane, na pengine ni kweli, si lazima. Lakini vilikuwa vinajuana mbele ya macho yangu, na sijui ni dakika ngapi nilisahau kwamba kuna bwawa nyuma ya ukuta ule, nikasahau kwamba kuna Luka. Nisamehe kwa hilo, ukiweza. Nilicheka peke yangu shimoni mpaka machozi yakaingia masikioni.

Kumbe nilikuwa napiga kelele pia. Sikujua. Waliponipandisha nilimkuta Luka amekuwa mweupe kama unga, akaniuliza nimeona nini kule chini hata nikawa namwita mke wake. Nilikuwa naita jina lako, wifi. Alisema nilikuwa naita Ritha, Ritha, njoo uone.

Ikabidi nimweleze. Nikamwambia swali lile la ufito lilikuwa la nani, na kwamba kati yetu wawili ni wewe uliyekuwa ukinisubiri nimalize hesabu. Luka hakuwa anajua. Miaka yote hii alidhani uliacha chuo kwa sababu ulichoka na namba, kwa kuwa ndivyo ulivyomwambia. Tangu siku hiyo akija kwangu anakaa na kipande cha kamba mkononi, anakisokota, anakiachia, anakitazama. Juzi akaniuliza kama mambo yale bado unayajua. Nikamwambia mimi siyo msemaji wako, akakuulize mwenyewe.

Atakuja Pasaka. Atakuuliza, kwa namna yake ya kuzungukazunguka, labda wakati unapika. Ritha, nakuomba kwa jina la Mama na la Philo, usimwambie umesahau.

Msalimie Mama tena, na Philo mwambie shangazi yake anamletea penseli za rangi. Majirani wote wa Nyahanga wanaonikumbuka wape mkono, na wasionikumbuka waache walale. Wabeja sana kwa karanga, zimefika zikiwa kavu.

Ni mimi wifi yako, niliyetoka shimoni,

Mbuke Bujiku